Digrii na ajira: ahadi ya 1961

Wadau, kila kijana aliyepita shule nchi hii ameambiwa: "Soma mwanangu, upate kazi nzuri." Wazee hawakutudanganya. Walisema walichokiona.

Turudi 1961. Mwalimu Nyerere alikuwa akisema kwamba tulipata Uhuru tukiwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Oktoba mwaka huohuo chuo kikuu chetu kilianzia kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Wakoloni wanafungasha virago, viti vinabaki wazi. Msomi akimaliza, serikali iliyomsomesha inampangia kazi.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na JKT, hasa kukatwa mshahara. Mwalimu akatimua karibu 400, akapunguza na mshahara wake kwa asilimia 20. Angalieni ugomvi wenyewe: walibishana watalipwa kiasi gani. Kwamba kazi ipo, hakuna aliyekuwa na shaka.

Shaka ilikuja baadaye. Miaka ya 1980 uchumi uliyumba, na miaka ya 1990 serikali ikapunguza wafanyakazi. Wakati huohuo vyuo vikaongezeka, vya binafsi navyo vikaruhusiwa. Tangu 2005 Bodi ya Mikopo imewawezesha watoto wengi wa wakulima kufika chuoni, jambo jema kabisa. Ila viti ofisini havikuongezeka kwa kasi hiyo. Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kwenye usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70.

Sisemi digrii haina maana. Udaktari hauupati bila chuo, na matangazo mengi ya kazi yanaanza kuchuja kwa cheti. Ninachosema ni kwamba msomi wa 1961 alibebwa na mambo mawili zaidi ya cheti: wenzake walikuwa wachache, na mwajiri alikuwa anamsubiri. Leo hayo mawili hayapo, na mwenye mkopo akipata kazi anakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuongeza masta kwa sababu tu ajira imegoma, uliza kwanza: nani anaajiri watu wa fani hiyo, na wamejaa wangapi mbele yangu?

Nawasilisha.