Treni ya kwenda angani

Roketi, ukiitazama vizuri, ni tangi kubwa la mafuta lenye mzigo mdogo kichwani. Mafuta mengi yanachomwa ili kubeba mafuta mengine. Sasa basi, kwa nini nguvu ya kusukuma isibaki ardhini, kwenye umeme na sumaku?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1937 Edwin Northrup, Mmarekani aliyebobea kwenye mambo ya umeme, aliliweka ndani ya riwaya, tena kwa jina la bandia (nadhani aliogopa kuchekwa). Mwaka 1950 Arthur C. Clarke akalipigia hesabu, lakini akaipeleka reli yake Mwezini ambako hakuna hewa. Miaka ya 1970 Gerard O'Neill wa Princeton na Henry Kolm wa MIT, pamoja na wanafunzi, wakaunda mfano mdogo uliofanya kazi kweli. O'Neill naye macho yake yalikuwa Mwezini.

Aliyethubutu kuileta hapa duniani ni James Powell. Huyu na mwenzake Gordon Danby ndio waliopata hataza ya treni inayoelea kwa sumaku miaka ya 1960. Mwaka 2001 Powell na George Maise wakaja na StarTram: handaki la kilomita kama 130 lililoondolewa hewa, mdomo wake juu ya mlima mrefu, chombo kikitoka kwa karibu kilomita 9 kwa sekunde. Mizigo tu, jamani! Kwa mkazo wa namna ile, mtu wa kilo 70 angehisi ana tani mbili. Abiria walihitaji bomba la zaidi ya kilomita 1,000, mwisho wake ukielea kilomita 20 hivi angani.

Walikadiria gharama isiyofika dola 100 kwa kilo. Lakini kwanza zitolewe dola bilioni 20 hivi, na kwa maoni yangu hapo ndipo wazo lilipokwama. Nusu ya handaki hairushi hata msumari. Roketi inaboreshwa huku inauzwa: Falcon 9 ilianza kurusha mizigo ya wateja, ikatua salama mwaka 2015, ikarushwa tena mwaka 2017, na bei ikashuka hadi dola elfu tatu hivi kwa kilo.

Sumaku zenyewe hazikukosa kazi. Mwaka 2015 treni ya Japani ilifikia kilomita 603 kwa saa, na manowari ya Marekani USS Gerald R. Ford inarusha ndege zake kwa umeme.