Sindano ya Degedege

Nilipokuwa na miaka mitatu hivi, nilishikwa na degedege nyumbani, Kilifi. Sikumbuki kitu, nahadithiwa tu. Macho yaligeuka juu, meno yakabana, mwili ukakakamaa. Mama alitaka tukimbie hospitali. Bibi akasimama mlangoni: "Mtoto wa nyuni hadungwi sindano. Akidungwa atakufa."

Nyuni ni ndege. Kwa wazee wetu wa Pwani, dege asiyeonekana humpitia mtoto, na dawa yake iko kwa mganga. Kwa miaka mingi nilimwona bibi kama mtu wa giza tu, bure kabisa. Halafu nikaanza kusoma (kwa simu, maana chuo niliacha mwaka wa pili).

Mwaka 1880 huko Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliona vimelea vya malaria kwenye damu ya askari, vingine vimepinda kama mwezi mchanga. Mwaka 1897 Mmarekani William Welch akavipa jina falciparum, yaani kinachozaa mundu. Kenya tuna aina nyingine pia, malariae na ovale, lakini anayejaza wodi za watoto ni huyu wa mundu. Chembe za damu alizoingia hunata kwenye kuta za mishipa midogo, hata ya ubongo. Mtoto anazimia, ama damu inamwishia, ama anaanza kuhema kama aliyekimbizwa.

Watafiti walipiga kambi hospitali ya Kilifi mwaka 1989. Mwaka 1995 walitoa hesabu ya watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Walikufa asilimia 3.5. Wengi wa hao walikuwa wamefika wakiwa hawajitambui vizuri, au wakipumua kwa shida. Lakini namba iliyonikalisha chini ni hii: asilimia 84 ya vifo vilitokea ndani ya saa 24 baada ya kulazwa.

Sasa jiweke kijijini. Mtoto amezungushwa kwa mganga siku mbili, anafikishwa wodini hoi, anadungwa kwinini, na kabla ya kesho yake amekufa. Wewe jirani umeona nini? Umeona sindano. Ukiona hivyo mara tatu, utaziba mlango kama bibi. Naona hakuwa mjinga. Alichokiona alikiona kweli, ila hakuhesabu zile siku mbili.

Kwinini nayo ilipata mshindani. Utafiti uliotoka mwaka 2010, wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kilifi ikiwemo, ulionyesha kwamba waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, na waliopewa artesuneti 8.5. Hiyo pia ni sindano.

Usiku ule mama alitokea mlango wa uani, mimi mgongoni, kanga ikiwa imefungwa shaghalabaghala. Bibi alikuja wodini asubuhi na chupa ya uji. Wanasema hakusalimia mtu. Alinishika mkono, akageuza, akatafuta mahali waliponidunga.