Mkono na Sikio: Kipimo cha Umri wa Kuanza Shule Mkoani Mara

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliitaka Tanzania ifikie elimu ya msingi kwa wote kufikia 1977. Katika vijiji vya Tarime na Serengeti, kama Genkuru, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa angehesabiwa miaka mingapi? Jibu la kimazoea, lililoenea nchini, lilikuwa apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Kipimo hicho kilipima ukuaji wa mwili, si miaka; aliyedumaa kwa utapiamlo aliweza kurudishwa nyumbani ilhali umri umetimia. Muuguzi naye, pasipo tarehe ya kuzaliwa, alibakiwa na uzito kwa kimo, ambao hufichua ukondefu, si udumavu.