Jamaa ya Mtoto Mgonjwa

Historia hutaja kwa urefu wafalme, vita na safari za bahari. Ni mara chache humtaja mama aliyeketi kando ya kitanda cha mwanawe. Hata hivyo, msomaji, kitanda hicho nacho kina historia, na sehemu yake kubwa ilitendeka karibu nasi, katika nchi zilizozunguka ziwa la Victoria. Yafaa uijue, kwa sababu haijaisha, na yamkini jirani yako ni mmoja wa watu wake.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Jipu halina desturi hiyo. Majuma machache baadaye, alipokuwa Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Jambo likitokea mara moja hupita. Likitokea mara mbili humtaka mwenye akili aulize. Burkitt alipekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Ulikuwa saratani, nao uliwapata hasa watoto. Leo huitwa kwa jina lake.

Kisha alitaka kujua mipaka yake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa motokaa kutoka Kampala hata Afrika ya Kusini na kurudi, mwendo wa maili 10,000 hivi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Walikuta ugonjwa umekaa katika nchi za chini zenye joto na mvua, na ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Ndiyo sababu katika Kenya huonekana zaidi kandokando ya ziwa na pwani, penye malaria nyingi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, wataalamu wa London, waliona kirusi katika chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Leo yajulikana kwamba kirusi hicho, kikishirikiana na malaria ya mara kwa mara, huutengenezea ugonjwa njia. Lakini kirusi chenyewe kimo katika miili ya watu wengi mno wasiopatwa na dhara lolote. Kwa hiyo usiogope kula sahani moja na mtoto mwenye saratani. Saratani yake haitakurukia.

Kisu hakikufaa sana, maana uvimbe huu hukua upesi kupita kiasi. Mashine za mionzi hazikuwako Mulago. Ikabaki dawa. Huko Boston, Marekani, mwaka 1948, Sidney Farber alikuwa ameonyesha kwamba dawa yaweza kuirudisha nyuma saratani ya damu ya watoto, ijapokuwa kwa muda tu. Sasa Burkitt katika Kampala, Peter Clifford katika Nairobi, na Anomah Ngu, mwana wa Cameroon aliyefanya kazi Ibadan, waliwapa watoto wao dawa za namna hiyo. Uvimbe uliyeyuka. Watoto wengine walipona kwa dozi chache, jambo ambalo madaktari hawakulitazamia. Mwaka 1967 kituo cha kuutibu ugonjwa huu kilifunguliwa Mulago chini ya John Ziegler, Mmarekani. Baada yake Charles Olweny, mwana wa Uganda, alishika uongozi, akaiendeleza kazi hiyo katika miaka migumu ya utawala wa Idi Amin.

Hayo ndiyo matendo ya waganga. Sasa tazama matendo ya jamaa.

Katika Uingereza ya siku zile, hospitali nyingi ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa saa chache tu kwa juma. Ilisemwa kwamba mama akija, mtoto hulia. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa siku nane, na watu wakauona upweke wake. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Harry Platt ilishauri wazazi waachiwe mlango wazi. Lakini katika hospitali nyingi za Afrika, mama alikuwa akilala sakafuni kando ya kitanda siku zote, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumlisha na kumwosha mwanawe. Ukata ulitufanyisha jambo ambalo elimu ilikuja kulisifu baadaye.

Hata hivyo, mama akilala hospitali, nyumba hubaki bila nguzo. Dawa za saratani hutolewa kwa awamu. Mtoto hudhoofika damu, na homa ndogo huweza kuwa hatari kubwa. Nyumbani binti mkubwa huacha shule apate kupika. Shamba humea magugu. Baba huuza mbuzi, halafu ng'ombe. Jirani mmoja hunong'ona habari za uchawi. Ndugu mdogo hudhani amesahauliwa, na hana wa kumweleza.

Basi huja siku ya hatari, nayo huja kwa sura ya furaha. Baada ya awamu ya kwanza uvimbe hutoweka, mtoto hucheka na kucheza. Baba huhesabu fedha zilizobaki, hujiuliza: amepona, nauli nyingine ya nini? Usimlaumu, macho yake yamemwambia hivyo. Lakini mbegu za ugonjwa zimejificha, na zikirudi huwa ngumu kuliko mwanzo. Kuacha tiba njiani ni moja ya sababu kubwa za vifo vya watoto hawa katika nchi maskini. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika 100 hupona saratani. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka shabaha kwamba ifikapo 2030 wapone angalau 60 katika 100 duniani kote.

Shabaha hiyo haitafikiwa kwa dawa peke yake. Figa moja haliinjiki chungu. Figa la kwanza ni daktari, la pili ni dawa, la tatu ni nyumba ya mgonjwa. Na figa hili la tatu waweza kulishika wewe. Ukiona uvimbe katika taya au tumbo la mtoto, himiza apelekwe hospitali leo, si kesho. Mwenzako akikosa shule kwa ajili ya nduguye mgonjwa, mpelekee masomo yake. Chota maji kwa ajili ya nyumba ile, palilia mstari mmoja wa mahindi yao, keti na mdogo aliyebaki. Na baba akisema mtoto amepona, muulize kwa adabu: daktari naye amesema hivyo?