Kichaa cha Mbwa na Shahada za Uzamivu Serengeti

Katika ukanda wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako Wakurya na jirani zao hufuga mbwa wa kulinda mifugo, epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyozuka na kuenea, imekomazwa kwa kiasi kikubwa na kichaa cha mbwa. Sarah Cleaveland alifanya huko utafiti wake wa uzamivu katika miaka ya 1990, na mlipuko wa 1994 wa homa ya mbwa (canine distemper), ugonjwa tofauti na kichaa cha mbwa, uliowaua takriban theluthi ya simba wa Hifadhi ya Serengeti, ukawafanya hata wahifadhi wawatazame mbwa wa vijijini kwa jicho jipya.

Magai Kaare, daktari wa mifugo Mtanzania, aliandika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Edinburgh kuhusu chanjo ya mbwa vijijini. Katie Hampson, aliyekuwa akisomea uzamivu Chuo Kikuu cha Princeton, akafuatilia maambukizi yenyewe. Yeye na wenzake walianzia kwenye daftari la zahanati lenye majina ya walioumwa, wakaenda nyumba kwa nyumba kuuliza mbwa alikuwa wa nani na alimuuma nani mwingine, mpaka mnyororo wa maambukizi ukajengeka. Hapo ndipo takwimu za kibiolojia zilipoonyesha kwamba mbwa mmoja mgonjwa huambukiza kwa wastani wenzake zaidi kidogo ya mmoja, hivyo kuchanja asilimia 70 ya mbwa hutosha kuukata mnyororo huo, mradi kampeni zirudiwe, kwa kuwa watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka bila kinga.