Miaka Hamsini ya Baruti Tanga

Samaki wa baruti simtambui kwa macho, namtambua kwa kidole. Ukimbonyeza tumboni nyama inabonyea na hairudi. Ukimpasua unakuta damu imevilia kando ya uti wa mgongo, kibofu cha hewa kimepasuka na mbavu zimeachana na nyama. Mimi ni dalali wa samaki hapa soko la Deep Sea, Tanga, tangu ujana wangu. Kwa miaka mingi changu na tasi wa namna hiyo walipita mnadani mchana kweupe. Bei yao ilikuwa chini kidogo, basi. Wakaangaji waliwachukua, na samaki akishaingia kwenye mafuta ya moto, kidole hakina tena cha kusema.

Vijana wa leo hupenda kusema wazee wetu waliipenda bahari kuliko sisi. Wazee wetu walikuwa watu wenye njaa kama watu wengine. Walivua kwa mshipi, kwa jarife na kwa dema. Dema unalisuka kwa fito, ukalitia chambo, ukalizamisha kwenye mwamba, ukalirudia maji yakitoka. Samaki mdogo hupenya kwenye matundu akaenda zake. Kusi likivuma, mwenye ngalawa alibaki karibu na pwani, na mwamba wa nje ukapumzika. Zana ndizo zilizowazuia, wala si ukarimu wa mioyo yao. Hilo tulilielewa zilipokuja zana zisizomzuia mtu.

Baruti ilianza kusikika katika miaka ya 1960. Ilitoka kwenye machimbo ya mawe, migodini na kwenye ujenzi wa barabara. Baadaye wakawapo waliojitengenezea kwa mbolea. Mpiga mbizi alitafuta kundi la samaki, chombo kikasogezwa, pigo la baruti likatupwa. Baada ya kishindo, samaki wengine walielea matumbo juu, wengine wakazama. Walioelea waliokotwa, waliozama wakafuatwa chini, na wengi waliachwa kuoza. Asubuhi moja iliweza kuleta shehena ambayo mwenye dema angeihangaikia siku nyingi.

Mwamba wenyewe ulibaki changarawe. Tumbawe gumu hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na yale yenye matawi, ingawa hukua haraka zaidi, yanahitaji mahali imara pa kushika. Changarawe hubiringishwa na mkondo kila siku, kwa hiyo chipukizi halipati pa kukaa. Mahali palipopigwa mara nyingi huweza kubaki patupu miaka na miaka.

Waliokuja kutuelimisha walidhani wavuvi hawajui. Walibandika mabango, wakaonyesha filamu, wakaeleza kwamba mwamba ni mazalia. Nani asiyejua hilo kijijini Tongoni, nani asiyelijua Kigombe? Mpiga baruti alijua kuliko bango. Alijua pia kwamba pigo likichelewa kutoka mkononi, mkono unakwenda nalo. Wapo waliopoteza mikono, wapo waliopoteza maisha. Hoja yao niliisikia mnadani mara nyingi: nisipopiga mimi leo, kesho atapiga mwingine, na mwamba utakufa vilevile, tofauti ni nani atakuwa amekula. Nyuma ya hoja hiyo alikaa tajiri mwenye mashine ya boti, aliyetoa baruti kwa mkopo na kutaka alipwe kwa samaki wiki hiyohiyo. Mwenye njaa hana miiko, na mwenye deni ndiyo kabisa.

Ndiyo maana sheria peke yake haikufua dafu. Sheria ya uvuvi ya mwaka 1970 ilikataza baruti, lakini kijijini shahidi ni shemeji wa mshitakiwa. Habari za doria zilifika ufukweni kabla ya doria yenyewe.

Mambo yalibadilika kidogo kuanzia mwaka 1994, ulipoanza mradi wa hifadhi ya ukanda wa pwani ya Tanga, serikali ikisaidiwa na shirika la uhifadhi la IUCN na fedha za Ireland. Wataalamu walikuwapo, ila kilichonivutia ni namna vijiji vilivyokaa. Kigombe kilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Watu walijadiliana, wakaandika mpango wao wenyewe, na katika eneo la Mtang'ata wakakubali kuifunga miamba kama Kitanga na Upangu. Wanakijiji walipanda boti ya doria pamoja na maofisa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wanamaji wa jeshi wakaongeza nguvu. Vishindo vikapungua. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipausha matumbawe pwani nzima, lakini hata hivyo wapimaji walikuta samaki wameongezeka kwenye miamba iliyofungwa.

Mvuvi aliyekaa kikaoni akanyoosha mkono mbele ya wakwe na majirani zake alikuwa na roho ileile ya mwaka uliotangulia. Lakini sasa aliyekuwa akimwogopa kwamba atamtangulia mwambani alikuwa ameahidi mbele ya watu walewale. Ile hoja ya "atapiga mwingine" ilikosa miguu.

Kisha petroli ya doria ikaanza kukosekana. Hata kabla mradi haujafungwa mwaka 2007, vishindo vilikuwa vimesharudi. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, na baruti ikaendelea. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani ya Tanzania kwa muda wa mwezi mmoja hivi wakiwa na vinasa sauti vya majini, wakanasa milipuko 318, zaidi ya nusu ikiwa jirani na Dar es Salaam.

Mwaka huohuo kikaundwa kikosi kazi cha pamoja cha polisi na idara mbalimbali. Hawa hawakuishia kukimbizana na boti. Walifuata baruti nchi kavu: nani anaiuza, nani anaisafirisha, nani anaikopesha. Miaka michache baadaye tukaanza kupitisha siku nyingi bila kusikia kishindo, na mnadani nikaanza kubonyeza samaki ambao nyama yao inarudi.

Nikiipima miaka hiyo yote, sioni mahali ambapo mtu aliacha kwa sababu ameambiwa anajiumiza. Aliacha pale baruti ilipokuwa ngumu kupatikana, au pale alipokuwa amejifunga mbele ya wenzake siku ambayo hana njaa. Kisiwa Panza, Pemba, wavuvi wa pweza wanafanya hivyo: wanaufunga mwamba miezi mitatu kwa makubaliano, na siku ya kufungua wote wanaingia pamoja.

Kwa hiyo vijana wa kamati ya wavuvi wanapokuja kuniuliza watumie fedha zao kwenye semina gani, nawaambia wanunue petroli. Katika ushuru wa mnada litengwe fungu la doria sasa, samaki wakiwapo na watu wameshiba, na fungu hilo lisiguswe mpaka kusi liishe. Ukingoja kulitafuta wakati wa njaa, kila mtu atakuwa na sababu nzuri ya kulikataa.