Bunduki ya Kampuni Katika Historia ya Katanga

Kamina ni mji wa reli. Njia ya Bukama kwenda Ilebo, iliyokamilika mwaka 1928, hupita hapa, na mwaka 1956 ikaunganishwa na ile ya Kabalo. Penye njia panda ya reli pana mabohari, na penye mabohari pana walinzi, hao ambao huku Katanga tunawaita zamu. Zamu ana kirungu, tochi na filimbi. Bunduki hana, na haruhusiwi kuwa nayo. Sheria ya silaha ya mwaka 1985 inamtaka mwenye silaha awe na kibali, na amri ya waziri juu ya kampuni za ulinzi inawanyima walinzi binafsi silaha za moto.

Wapo wafanyabiashara wanaoiona amri hiyo kuwa mzigo. Mimi naiona kuwa moja ya amri zenye busara kubwa tulizo nazo, kwa sababu katika nchi hii bunduki ya kampuni ilitangulia serikali.

Mwaka 1891 Compagnie du Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka huohuo, ilimpa kazi William Stairs aongoze msafara hadi Bunkeya kwa Mwami Msiri, mfalme wa Wayeke. Wengi wa waliobeba bunduki na mizigo walikuwa watu wa pwani walioandikishwa Zanzibar, wasemaji wa Kiswahili kama sisi. Msiri alikataa kuipokea bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tarehe 20 Desemba, Kapteni Omer Bodson alimpiga risasi akamuua, naye akapigwa risasi palepale, akafa kwa jeraha hilo. Bodson alikuwa afisa wa jeshi la Ubelgiji, lakini Bunkeya alikwenda kwa mkataba wa kampuni. Mfalme wa Wayeke aliuawa na mtu aliyekuwa kazini.

Wakati huo mataifa yalikuwa yameshakubaliana Brussels, mwaka 1890, kuzuia bunduki za kisasa zisiwafikie Waafrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Bunduki duni za gobori hazikuzuiwa kwa ukali huo. Kampuni za mpira zikautumia mlango huo. Huko Équateur, kampuni ya ABIR iliwaweka vijijini walinzi wenye gobori, na wengine vituoni wenye bunduki za Albini, kazi yao kuhakikisha kila mwanamume ameleta mpira wake. Tume ya uchunguzi iliyotumwa mwaka 1904 ilisikia mashahidi wakieleza mauaji na mikono iliyokatwa, na ripoti yake ikatoka mwaka 1905.

Kwetu Katanga mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1900 hadi 1910 nchi ilitawaliwa na Comité Spécial du Katanga, ubia wa dola ya Leopold na kampuni ileile ya mwaka 1891. Ubia huo ulikuwa na polisi wake wenyewe. Mkusanya kodi, mpima ardhi na askari, wote walikuwa chini ya bwana mmoja. Bunduki zilirudi mikononi mwa serikali mwaka 1910, na hata hivyo Mulopwe Kasongo Nyembo, mfalme wa Waluba aliyeupinga utawala wa kikoloni na ambaye himaya yake iko hapahapa Kamina, hakukamatwa hadi mwaka 1917.

Lakini bunduki kuwa ya serikali hakukumaliza jambo. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waligoma Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai mishahara. Waliowafyatulia risasi walikuwa askari wa Force Publique, jeshi la koloni, wala si walinzi wa kampuni. Makumi ya watu walikufa.

Mpaka leo mwajiri wa Kongo anayetaka mtu mwenye bunduki langoni hana budi kuomba polisi wa taifa. Polisi huyo anabaki chini ya makamanda wake, huku kampuni ikimlipa posho na kumpa usafiri. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Bunduki ni ya serikali, lakini chakula na petroli ni vya kampuni, na saa ya hatari anayejua amri ya nani itasikilizwa ni yule aliyeishika.

Kilwa ya Ziwa Mweru, si ile ya Tanzania, ililijua hilo Oktoba 2004. Waasi wachache waliuteka mji; jeshi likaja kuukomboa, likisafirishwa kwa ndege na magari ya Anvil Mining, kampuni iliyochimba shaba na fedha Dikulushi. Umoja wa Mataifa ulisema watu wasiopungua 73 waliuawa, baadhi yao baada ya kukamatwa. Kampuni ilijitetea kwamba jeshi lilichukua magari hayo kwa amri, na mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia wafanyakazi wake.

Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi tofauti. Iliamuru wahanga wanane na familia zao walipwe fidia ya dola milioni 2.5, ikaitaka Kongo iwafikishe mahakamani askari wa serikali pamoja na wafanyakazi wa kampuni waliohusika, ingawa hao wa mwisho hawakuwa wameshika bunduki.